Mahojiano ya Kazi si Mahojiano ya Ukimbizi

Maongezi ya kamati ya elimu na kazi, yaliyotolewa mbele ya wakazi wa Nakivale na wafanyakazi wa mashirika katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kazi. Katika sikukuu hii ya tarehe 20 Juni hotuba nyingi huwa za shukrani na za maombi. Shukrani tunazo, na maombi hayatakosa wasemaji. Sisi tumeombwa tulete jambo ambalo mtu akirudi nyumbani anaweza kulitumia. Tumechagua hili: mtu wa hapa akiitwa na kampuni kubwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi ya kujitegemea, aende vipi, ajibu vipi, na aulize nini.

Makazi yetu yalifunguliwa mwaka 1958. Wazee waliokuja zamani hizo walipewa ardhi, na kazi ilikuwa jembe. Jembe halijaisha, na tunaliheshimu. Lakini leo tunao vijana wenye lugha tatu au nne, na wengine wanajua kompyuta. Wapo wanaotafsiri maandishi, wanaofanya ukalimani, wanaosikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, wanaosoma matangazo kwa sauti, wanaochora nembo, wanaotengeneza kurasa za intaneti. Kazi hizi hazina mshahara wa mwisho wa mwezi. Mteja analeta kazi, mnapatana bei na siku, unaikamilisha, unalipwa, basi. Ukifanya vizuri anarudi. Hiyo ndiyo tunayoiita kazi ya kujitegemea.

Zamani mteja wa kazi hizi alikuwa jirani mwenye barua ya kutafsiri. Sasa wanatafuta watu makampuni makubwa: ya simu, ya benki, ya umeme wa jua, ya dawa, na makampuni ya tafsiri yaliyoko ng'ambo. Sababu mojawapo ni lugha yetu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kampuni inayotaka kuuza bidhaa Goma, Bukavu na Lubumbashi inahitaji mtu anayejua kusema na watu wa huko. Mtu huyo yupo hapa, katika mistari ya viti hivi.

Na sheria haitukatazi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 18, unazungumzia haki ya mkimbizi kujiajiri mwenyewe katika kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya kumpatia kipato. Kwa hiyo tatizo letu mara nyingi si kukosa ruhusa. Tatizo ni kwamba mtu mwenye uwezo anaitwa, anahojiwa dakika 30, halafu anarudi bila kazi, na hajui kwa nini.

Ndugu zangu, baada ya kusikiliza wengi, sisi tunaona sababu moja kubwa. Ni kwamba sote hapa tumekwisha kufundishwa namna ya kuhojiwa, ila tulifundishwa katika chumba kingine.

MAHOJIANO TULIYOYAZOEA

Kila mtu mzima hapa amekaa mbele ya ofisa na kuulizwa: unatoka wapi, ulikimbia lini, nani aliuawa, ulipita njia gani. Hayo ni mahojiano ya kuomba hifadhi. Wengine wameyapitia tena kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu, mara mbili, mara tatu. Mahojiano hayo yana kanuni zake. Unaeleza mateso yako yote kwa mpangilio. Tarehe zisipishane. Humwulizi ofisa maswali. Hupatani naye bei. Ukimaliza unakwenda nyumbani unangoja, hata miaka, na kufuatilia sana unaogopa kwamba kutaharibu faili.

Kanuni hizo zilikuwa na maana mahali pake, kwa sababu pale ulikuwa unaomba ulinzi. Shida ni kwamba zimetuingia mwilini. Kijana anakwenda mbele ya kampuni, anaulizwa, "Tueleze habari zako," naye anaanzia kwenye vita. Baada ya dakika 10 yuko bado msituni, na yule aliyemwuliza alitaka kujua kama anaweza kutafsiri kitabu cha maelekezo ya taa ya sola. Anaulizwa bei, anasema, "Mtakachonipa nitashukuru." Anaulizwa kama ana swali, anasema, "Sina." Halafu anangoja miezi mitatu bila kuandika hata mstari mmoja.

Mbele ya kampuni wewe huombi kitu. Una kazi mikononi ya kuuza, na wao wana kazi iliyowashinda kufanya wenyewe. Pande zote mbili zinahojiana.

Tuseme wazi juu ya huruma. Anayekusikiliza anaweza kuguswa na habari zako hata akatoa machozi. Lakini akirudi ofisini ana fomu ya kujaza, na fomu hiyo ina nafasi ya bei, ya muda na ya uwezo wa mtenda kazi. Nafasi ya huruma haimo. Mtu akikuhurumia atakupa nauli. Akikuamini atakupa mkataba.

Hatusemi ufiche kwamba wewe ni mkimbizi. Karatasi zako zitasema, na kuficha kutaleta mashaka. Lisemwe kwa maneno machache: "Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, ninaishi Nakivale, na sheria ya Uganda inaniruhusu kufanya kazi. Kitambulisho changu hiki hapa." Kisha rudi kwenye kazi. Habari za maisha yako ni mali yako. Hulazimiki kuzilipa kama kiingilio.

WATU WATATU WA KAMPUNI KUBWA

Jirani akikupa kazi, anatoa fedha yake mfukoni. Ofisa wa kampuni kubwa hatoi fedha yake. Kinachomtia hofu ni jina lake. Anajiuliza: mtu huyu akichelewa, au akiharibu, nitamwambia nini mkubwa wangu? Ukielewa hofu hiyo, umeelewa nusu ya maswali atakayokuuliza.

Tena kampuni kubwa si mtu mmoja. Kuna mwenye kazi, yaani yule anayehitaji tafsiri au mchoro. Yeye anataka ubora na siku. Kuna ofisa wa manunuzi. Yeye anataka bei iliyoandikwa, mara nyingi na bei za watu wengine wawili za kulinganisha, na anataka karatasi kamili. Na kuna mhasibu. Yeye hajui kazi yako kabisa. Anataka ankara, namba ya mlipa kodi, na akaunti ya benki yenye jina lako. Unaweza kumfurahisha wa kwanza ukakwama kwa wa tatu. Ndiyo maana maandalizi yanaanzia kwenye karatasi.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Kwanza, majina. Hapa kwetu jambo hili linaumiza watu wengi. Kitambulisho kinasema jina moja, cheti cha shule kinasema jingine, laini ya simu imeandikishwa kwa jina la shemeji. Mhasibu akiona majina matatu hamlipi hata mmoja. Kagua mapema. Pa kusahihisha, sahihisha. Pasipowezekana, uwe na barua inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Pili, mifano ya kazi. Chukua mitatu tu iliyo mizuri, inayofanana na kazi inayotafutwa. Kama huna mteja wa zamani, jitengenezee: chukua tangazo la wazi la afya, litafsiri, liandike safi. Lakini usionyeshe kamwe karatasi ya siri ya mteja mwingine. Na wale waliofanya ukalimani kwenye zahanati au kwenye ofisi za ulinzi, tunawasihi: taja aina ya kazi na idadi ya siku, usitaje kisa cha mtu. Anayekuhoji akisikia unatoa siri ya mgonjwa wa jana, anajua kesho utatoa ya kwake.

Tatu, ijue kampuni. Inauza nini, inauza wapi, kazi hii wanaitaka kwa nini. Nusu saa ya kusoma kwenye simu inatosha kukutofautisha na wengi.

Nne, hesabu uwezo wako. Mtafsiri mzoefu kwa kawaida hufanya maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku kama kazi ni ya wastani. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa 4 au zaidi kuiandika, na sauti ikiwa mbaya ni zaidi ya hapo. Mkalimani anayetafsiri papo hapo, msemaji akiwa anaendelea kusema, huhitaji mwenzake wa kubadilishana naye kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka. Namba hizi uwe nazo kichwani. Wakikuuliza, jibu bila kupapasa.

Tano, saa. Mahojiano mengi siku hizi hufanywa kwa simu ya picha. Wakisema 9:00, kwetu ni saa tatu asubuhi, wala si saa tisa. Mtu amewahi kuketi tayari, nguo zimepigwa pasi, saa sita nzima baada ya wenzake kumaliza. Uganda iko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa joto, na iko mbele ya Goma kwa saa 1. Andika ukithibitisha: "Nitakuwa tayari saa 15:00 za Kampala." Simu uichaji tangu usiku. Tafuta pahali penye utulivu, pasipo na jenereta wala redio ya jirani. Uwe na laini ya mtandao wa pili, na mwanzoni kabisa wape namba hiyo: "Tukikatika, nitawapigia kwa namba hii."

MASWALI NA MAJIBU

Sasa tuingie chumbani. Tutataja maswali matano yanayojirudia.

"Tueleze habari zako." Jibu kwa dakika mbili, ukianza na kazi. Kwa mfano: "Ninatafsiri kutoka Kifaransa na Kiingereza kwenda Kiswahili. Kwa miaka minne nimefanya ukalimani katika mikutano ya afya na ya shule, na nimetafsiri mabango na vitabu vidogo vya maelekezo. Nimeona kampuni yenu inauza taa za sola Kivu. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoifahamu." Kisha nyamaza. Waache waulize. Ukimya wa sekunde chache haumwui mtu.

"Umewahi kuajiriwa?" Wengi wetu tumefanya kazi kwa posho, na barua inasema "mtu wa kujitolea". Usijidharau kwa ajili ya neno hilo. Eleza ulichofanya na kiasi chake: mikutano mingapi kwa wiki, watu wangapi, lugha zipi, nani alikusimamia. Kazi iliyofanyika ni kazi, hata kama malipo yalikuwa madogo.

"Unajua Kiswahili gani?" Hili ni swali zuri sana, na ni hapa mtu wa Nakivale anaweza kuwashinda wengi. Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi si sawasawa na cha Dar es Salaam. Wa kwetu husema "masomo" mahali ambapo wenzetu husema "shule", husema "kuikala" mahali pa "kukaa". Usijibu, "Ninajua Kiswahili chote." Waulize: wasomaji wenu ni nani? Kama ni Watanzania, utaandika sanifu. Kama ni mama wa sokoni Uvira, kuna maneno sanifu asiyoyatumia, na utawaeleza utakavyofanya. Swali hilo moja linaonyesha kwamba wewe ni mtu wa kazi.

"Unaishi kambini. Tutakuaminije kwa umeme na intaneti?" Hapa watu hukasirika, au hudanganya. Usifanye lolote kati ya hayo. Hofu yao ni ya kweli, nawe unayo dawa yake: "Ninatumia umeme wa jua na betri ya akiba. Nina laini za mitandao miwili. Kazi huwa ninaituma siku moja kabla ya mwisho, ili mtandao ukisumbua, siku ibaki." Lakini sema hivyo kama ni kweli. Kama huna betri, tafuta wa kushirikiana naye kabla hujaitwa.

"Unaweza kumaliza yote kufikia Ijumaa?" Kama huwezi, sema huwezi, kisha sema unaloweza: "Maneno 10,000 kwa siku tatu hayawezi kuwa mazuri. Ninaweza kuwapa 6,000 Ijumaa na yaliyobaki Jumanne, au nimlete mwenzangu tugawane." Kampuni kubwa haimwogopi mtu anayesema hapana. Inamwogopa anayesema ndiyo halafu simu yake ikazimwa Alhamisi.

BEI

Tumefika penye mwiba. Desturi yetu ni kuona haya kutaja fedha mbele ya mkubwa. Lakini ofisa wa manunuzi akikuuliza bei hakudharau; anataka namba ya kuandika kwenye fomu. Usipoitaja, ataandika ya kwake.

Bei haitoki hewani. Tufanye mfano, namba ni za kujifunzia tu. Kazi ni maneno 10,000. Kwa maneno 2,000 kwa siku ni siku 5. Tuseme siku yako moja ni shilingi 80,000: hizo ni 400,000. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri isomwe na mtu wa pili asiye yule aliyetafsiri. Basi mwenzako atasoma siku 2: 160,000. Umeme na intaneti, 40,000. Jumla ni shilingi 600,000, yaani shilingi 60 kwa neno. Sasa wakikuuliza, "Mbona ghali?" unayo ya kueleza. Na wakitaka kupunguza bei, kazi nayo ipungue: maneno machache, au waongeze siku. Usishushe bei bure, maana watajua ile ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Hapa tuna neno kwa vijana wote pamoja. Kampuni inaweza kuhoji watu watano wa hapahapa kwa siku moja. Kila mmoja akishusha bei kumzidi mwenzake, jioni kazi itakuwa imepatikana kwa bei ambayo hakuna atakayeweza kuifanya vizuri. Ikiharibika, watasema, "Watu wa kambi ndivyo walivyo." Ongeeni kabla ya kwenda. Hatuwaambii mfunge bei moja. Tunawaambia mjue chini ya hapo hamfiki.

MASWALI YAKO WEWE

Mwishoni watauliza kama una swali. Ukisema huna, umerudi kwenye kile chumba cha zamani. Kuuliza si ujinga. Uwe na maswali haya yameandikwa kwenye karatasi:

1. Nani atapokea kazi, na nani atasema imekubalika?
2. Kama yapo masahihisho, yatakuwa mara ngapi ndani ya bei hii?
3. Mtanipa hati ya kuagiza kazi, ile LPO, kabla sijaanza?
4. Mnalipa baada ya siku ngapi tangu kupokea ankara?
5. Mnalipa kwa benki au kwa simu, na gharama za kutuma ni za nani?
6. Kama kuna hati ya kutunza siri, naweza kuisoma kwanza?

Swali la nne ndilo linalosahaulika. Makampuni makubwa mengi hulipa baada ya siku 30, wengine 60, wengine hata 90. Fedha itakuja, lakini watoto hawali ankara. Kwa kazi ndefu, omba sehemu ya malipo mwanzoni, au omba kulipwa kwa awamu kila sehemu inapokamilika. Ulizia hilo kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini ni kuomba.

Na msishtuke mkikuta fedha imepungua. Hapa Uganda makampuni yaliyoteuliwa na mamlaka ya mapato hukata kodi ya zuio, asilimia 6, malipo yanapozidi shilingi milioni 1. Ukidai 2,000,000 utapokea 1,880,000. Huo si wizi. Omba hati ya makato, uitunze, kwa sababu fedha hiyo huhesabiwa katika kodi yako.

JIHADHARINI

Kuna wezi wanaovaa jina la kampuni kubwa. Kampuni ya kweli haikutozi fedha ili ikupe kazi: si ya fomu, si ya mafunzo, si ya "kufungua faili". Ukiombwa fedha, simama hapohapo.

Kuna pia jaribio. Kutafsiri maneno 200 au 300 bila malipo ili waone uwezo wako ni jambo la kawaida. Wakikuletea kurasa 20 na kuziita jaribio, hiyo ni kazi. Jibu kwa heshima: "Nitafanya ukurasa wa kwanza kama mfano, na zilizobaki kwa bei tuliyoitaja."

BAADA YA KUHOJIWA

Siku hiyohiyo andika barua fupi: asante kwa muda wenu, tumezungumza kazi hii, kiasi hiki, bei hii, siku hizi, ninangoja hati yenu. Mistari mitano inatosha. Barua hiyo inamsaidia ofisa kujaza fomu yake, na baadaye ni ushahidi wako. Baada ya wiki moja bila jibu, uliza mara moja. Wakisema hapana, uliza ni nini kilichopungua, ushukuru, uandike jibu lao kwenye daftari. Kukataliwa na kampuni hakuingii katika faili lolote la ukimbizi wako. Hakuna anayekuondolea haki. Mwezi ujao unaweza kuhojiwa na kampuni nyingine, tena ukiwa umejua zaidi.

KWA WENZETU WA MASHIRIKA

Wageni wetu, tuna mambo matatu kwenu, na tunayasema kwa heshima.

La kwanza, barua. Mnapomaliza kumtumia mkalimani au fundi wa hapa, mwandikieni barua inayotaja kazi halisi: alifanya nini, lugha zipi, siku ngapi, na jinsi alivyoifanya. Barua inayosema tu "alijitolea kwa moyo mwema" ni ya kupendeza, lakini ofisa wa manunuzi hawezi kuitumia.

La pili, nafasi ya kusema. Makampuni yakija kututembelea, mara nyingi nyinyi ndio mnaoeleza uwezo wetu, na vijana wanasimama nyuma kwa ajili ya picha. Tunajua mnafanya kwa nia njema. Tunaomba kijana aulizwe mwenyewe, ajibu mwenyewe, hata akikwama kidogo.

La tatu, chumba. Chumba kimoja chenye umeme, intaneti na mlango unaofungwa, kwa saa chache kila wiki, kingewatosha watu wengi kufanya mahojiano yao. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba ufunguo.

Na kwenu wenzetu wakazi: kamati inawaalika kufanya mazoezi. Mnakuja wawili wawili. Mmoja anakuwa kampuni, mwingine mtenda kazi, kisha mnabadilishana. Jirekodini kwa simu, msikilize. Mtashangaa mtu anavyosema "samahani" mara nyingi bila kosa lolote. Wazee nao tunawaomba waje, kwa sababu wanajua kupatana bei ya ng'ombe na ya gunia la maharage, na elimu hiyo ndiyo hii hii. Kina mama wa sokoni vilevile: hakuna anayewashinda kwa kusema bei bila kutetemeka.

Ndugu Mwenyekiti, tulikuja katika nchi hii tukihojiwa kama watu walionyang'anywa vitu. Hilo ni kweli na hatulikani. Lakini ipo mizigo ambayo hakuna askari aliyeweza kuipekua mpakani: lugha zetu, ujuzi wa mikono, na akili ya kuhesabu. Mtu anayekwenda mbele ya kampuni na mizigo hiyo aketi vizuri kwenye kiti, ataje kazi yake, ataje bei yake, aulize atalipwa lini.

 Mwenye swali asimame aulize, nasi tutajibu kadiri tunavyoweza.